Binti wa Mhubiri na Kidole Gumba cha Thogoto

Watu wa Kangemi, Uthiru na Kinoo hukwama kwenye msongamano wa Waiyaki Way kila jioni, na sidhani wengi hujiuliza huyo Waiyaki alikuwa nani. Alikuwa Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa upande wa Dagoretti, aliyekamatwa na watu wa kampuni ya Waingereza mwaka 1892, akafia Kibwezi akipelekwa pwani. Miaka sabini hivi baadaye Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa mwanafunzi Makerere, aliandika hadithi ya kijana anayempenda binti wa mhubiri. Kijana huyo akampa jina Waiyaki.

Riwaya ilitoka mwaka 1965, *The River Between*. Kiswahili chake kinaitwa *Njia Panda*. Shuleni hufundishwa kama kitabu cha ukoloni, na sawa, ukoloni umo. Lakini hebu isome kama kisa cha mapenzi ndani ya kanisa uone. Joshua ni mhubiri mkali wa Makuyu. Ana mabinti wawili. Muthoni anataka awe Mkristo na pia awe mwanamke kamili kwa mila, basi anatoroka nyumbani akatahiriwe. Kidonda kinaharibika, anakufa, na baba alishamkana zamani. Nyambura, dada yake, anabaki na dini ya baba, hajatahiriwa, halafu anampenda Waiyaki, mwalimu wa upande wa mila.

Ngũgĩ hakuyatoa haya hewani. Alisoma Alliance High School, iliyofunguliwa mwaka 1926 karibu na misheni ya Waskoti pale Thogoto, mwendo mfupi tu magharibi ya Nairobi. Mwaka 1929 misheni hiyo, chini ya Dkt. John Arthur, iliwataka waumini wake waahidi kuikataa tohara ya wasichana. Asiyejua kuandika aliweka alama ya kidole gumba, yaani kirore. Waliokubali wakabandikwa jina hilohilo kama tusi. Wengi walikataa na kuondoka, wakajenga shule zao, za Karing'a na nyinginezo. Wimbo wa Muthirigu ukaenea, ukiwakejeli wamishenari, mpaka serikali ikaupiga marufuku.

Sasa fikiria nyumba za wakati huo. Mume kirore, shemeji karing'a. Msichana aliyeposwa mwaka uliopita, mwaka huu posa haijulikani iko wapi.

Tena kanisa lile lilikuwa limezoea kuingia vyumbani mwa watu. Kenyatta mwenyewe alibatizwa Thogoto mwaka 1914. Alipomwoa Grace Wahu kimila mwaka 1919, wazee wa kanisa hawakuitambua ndoa ile. Walitaka ifungwe mbele ya hakimu Mzungu. Ilifungwa mwaka 1922, mtoto wao wa kwanza akiwa tayari anatembea! Kama rais mtarajiwa alisumbuliwa hivyo, binti wa mhubiri angefanyaje?

Hapo ndipo nina neno na Ngũgĩ. Wamishenari walisema wanamwokoa msichana, wazee walisema wanamlinda, na kila upande ulikuwa na lake ardhini na shuleni. Yeye msichana hakuitwa kikaoni. Riwaya inalijua hili, ndiyo maana Muthoni ndiye mhusika mwenye uhai kuliko wote, maana aliamua mwenyewe. Lakini akishakufa, kitabu kinamrudia Waiyaki na ndoto zake za shule, na Nyambura anabaki zaidi mtu wa kungojwa mtoni Honia. Laiti tungepewa kurasa nyingi zaidi za fikra zake, hasa baada ya kuhama kwa baba yake.

Mwishoni umati unamtaka Waiyaki amkane. Hawezi. Wote wawili wanakabidhiwa Kiama, giza linaingia, watu wanarudi makwao wakiona haya kutazamana. Hukumu hatuisomi.