Masala Kulangwa na Wafasiri Wake

Msafiri atokaye Mwanza kwa barabara ya Musoma, akifika Kisesa akapinda kuelekea Bujora, hukuta makumbusho ya Wasukuma na kanisa la mviringo lililojengwa kwa mfano wa nyumba ya mtemi, athari za Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Mapadre Weupe, ambaye tangu miaka ya 1950 aliitakidi kuwa dini haitakaa katika nyoyo za wenyeji iwapo ngoma zao, viti vyao vya enzi na hadithi zao zitaachwa nje ya mlango.

Mashuhuri katika hadithi hizo, zilizosimuliwa jioni shikomeni, wazee na vijana wakiota moto, ni ile ya Masala Kulangwa. Zimwi Shing'weng'we lilimeza watu na mifugo, asisalimike ila mwanamke mja mzito aliyejificha katika makapi. Akazaa mwana, ndiye Masala Kulangwa, naye alipopata akili akauliza watu wako wapi, akatoka kulisaka zimwi, akarudi na panzi akidhani ndilo, safari nyingine na ndege, kisha na mnyama, kila mara mamaye akimwambia silo. Hata alipoliua na kulipasua, watu wakatoka, kisu kikamkata ajuza mmoja sikio, naye kwa ghadhabu akataka kumroga, mpaka kijana alipotafuta dawa akamponya. Ndipo akatawazwa mtemi.

Mapadre Joseph Healey na Donald Sybertz, katika kitabu chao cha 1996, walimfasiri ghulamu huyu kwa mfano wa Kristo aliyeshinda mauti. Siipingi tafsiri hiyo. Ila mfasiri aghalabu hukimbilia tumbo lililopasuliwa, akampita panzi bila salamu, ilhali panzi ndiye ushahidi wa umri: nani angerudi nyumbani na panzi kwa fahari, ila mvulana aliyelelewa na mama peke yake, asiyepata kumwona adui wala mwanamume wa kumwiga? Na sikio je? Bustanini Gethsemane alikata Petro, akaponya Yesu. Huyu wetu alifanya yote mawili.

Wasotho wanayo hadithi ya jamii hiyo, ya Senkatana, ambaye wale aliowaokoa walimhusudu wakamwua. Usukumani wema mkubwa haukufuta dhara dogo: kijana alilipa kwanza, akatawazwa baadaye. Nadhani wasikilizaji wa shikomeni walimfahamu kwa siasa kabla ya ibada, maana mtemi wao aliteuliwa na banang'oma, wazee wa baraza la utemi, na mvua zilipokatika au nchi ilipougua, waliweza kumwondoa.