Mfalme Alichoma Vitabu, Sanamahi Akabaki Nyumbani

Wameitei wa Manipur, jimbo la India linalopakana na Myanmar, husimulia kwamba mungu mkuu aliwaita wanawe wawili akawaambia: atakayeuzunguka ulimwengu mara saba na kuwahi kurudi, kiti ni chake. Sanamahi, kaka mtu, akatoka mbio. Mdogo, Pakhangba, akamwendea mama yake, Leimarel Sidabi, naye akamnong'oneza kwamba kiti cha baba yake ndicho ulimwengu wenyewe. Akakizunguka mara saba, akatawazwa. Sanamahi aliporejea, ghadhabu yake nusura iangamize kila kitu. Ikaamuliwa Pakhangba atawale ufalme, Sanamahi atawale kila nyumba.

Naamini mgawanyo huo ndio ulioiokoa dini yao. Mfalme Pamheiba, aliyetawala kuanzia 1709 hadi 1748, aliingia Uhindu wa wafuasi wa Vishnu. Kwa ushawishi wa mwalimu wake, Shantidas, mahekalu ya miungu ya kale yalibomolewa, na puya, vitabu vitakatifu vya Wameitei, vikatiwa moto. Msiba huo bado hukumbukwa kila mwaka, mwezi wa Wakching.

Lakini miungu ya nyumbani haikutegemea hekalu linaloweza kubomolewa. Sanamahi alibaki na pembe yake ya kusini-magharibi, Leimarel upande wa kaskazini, na Emoinu, mungu wa kike wa neema na riziki, akabaki jikoni penye moto. Hata familia zilizoupokea Uhindu ziliendelea kuwatunza.

Nje ya nyumba, kumbukumbu ilibebwa na maibi, makuhani wa kike. Sherehe ya Lai Haraoba inapoanza, huenda hadi ukingoni mwa maji wakiwa wamevaa nyeupe, kengele ndogo ikilia mkono wa kushoto, na pena, zeze la uzi mmoja, likiwafuata. Nyuzi hushushwa majini, na kwa njia hiyo roho za miungu hualikwa zipande. Siku zinazofuata, maibi hucheza uumbaji wote: mwili unavyofinyangwa kiungo kwa kiungo, nyumba inavyojengwa, pamba inavyopandwa hadi kufumwa nguo. Mtoto asiyewahi kuona puya angejifunza humo dini nzima kwa macho.

Mwaka 1930, Naoriya Phulo aliunda chama cha Apokpa Marup huko Cachar, Assam, kuirejesha imani hiyo hadharani. Kangla, ngome takatifu ya Pakhangba mjini Imphal, ilichelewa zaidi kurejeshwa: Waingereza waliiteka mwaka 1891, na wanajeshi, wao kisha wa India, hawakuondoka humo hadi Novemba 2004.