Phiona Mutesi
Phiona Mutesi (alizaliwa mnamo 1996) ni mchezaji wa sataranji (pia: chesi) kutoka nchini Uganda.

Alikulia Katwe, mtaa wa mabanda jijini Kampala. Baba yake alifariki angali mdogo, na kwa kukosa ada aliacha shule. Alipomfuata kaka yake kwenye mafunzo ya Robert Katende, alikuta watoto wakifundishwa sataranji na kupewa uji. Baadaye mchezo huo ulimrudisha darasani.

Aliiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya Sataranji kuanzia mwaka 2010. Mwaka 2012, huko Istanbul, yeye na Ivy Amoko walipata WCM, ngazi ya kwanza kati ya vyeo vinne vya wanawake vya FIDE. Hakuna mwanamke Mganda aliyewatangulia.

Filamu ya Queen of Katwe (2016) inasimulia maisha yake.