Usiku wa Kawagoe: samurai walipokatazwa kukata vichwa

Kwa samurai, kichwa cha adui kilikuwa hati ya malipo. Baada ya vita kilioshwa, kikachanwa nywele, kikapelekwa kwa bwana akikague. Ardhi na cheo vilitegemea ukaguzi huo. Ndiyo maana amri ya bwana wa vita Hojo Ujiyasu mwaka 1546, nje ya ngome ya Kawagoe huko Kanto, Japani, ilikuwa nzito mno: usiku huu mtu asikate kichwa.

Ngome ilikuwa imezingirwa tangu mwaka uliotangulia na matawi mawili ya ukoo wa Uesugi pamoja na bwana Ashikaga Haruuji. Ndani alikuwemo Hojo Tsunanari na askari wapatao 3,000. Ujiyasu alikuja kuwaokoa na watu 8,000. Masimulizi ya kale yanadai maadui walikuwa 80,000. Naona hapo pametiwa chumvi, lakini kuzidiwa alizidiwa. Akatuma kwanza ujumbe wa kunyenyekea akiomba suluhu, wazingiraji wakalegea.

Kisha akangoja giza. Gizani mtu huweza kumuua mwenzake kabla hajamwona adui. Inasimuliwa kwamba watu wake waliacha deraya nzito, zenye kelele, wakavaa nguo nyeupe ili watambuane. Na vichwa je? Anayeinama kukata kichwa ameacha wenzake, na akiinuka ana mzigo mkononi. Ujiyasu aliwaomba watu wapigane bila ushahidi wa kudai tuzo, nao wakakubali. Kwangu mimi, huo ndio ushindi wake wa kwanza usiku ule. Tsunanari naye akatoka ngomeni kushambulia. Uesugi Tomosada aliuawa, na tawi lake la Ogigayatsu likakatika.

Manaiti wa Ulaya nao walikuwa na tuzo yao: mateka wa kukombolewa kwa fedha. Agosti 1388, Mwingereza Henry Percy, maarufu kama Hotspur, aliwavamia Waskoti jioni huko Otterburn, kaskazini mwa Uingereza, vita vikaendelea usiku. Kiongozi wa Waskoti, James Douglas, aliuawa, na mwandishi wa historia wa enzi hiyo, Froissart, anasimulia kwamba wengi wa watu wake hawakujua. Walishinda hata hivyo, na hata katika giza lile Hotspur na nduguye Ralph walikamatwa hai, maana walikuwa mali.

Tukirudi Japani, Uesugi Norimasa, kiongozi wa tawi la pili la Uesugi, aliponyoka Kawagoe. Miaka michache baadaye alikimbilia jimbo la Echigo kwa bwana Nagao Kagetora, akamrithisha jina la ukoo. Huyo ndiye Uesugi Kenshin, aliyekuja kuizingira Odawara, makao makuu ya Ujiyasu, mwaka 1561.