Volti ndogo inayolinda simu yako
Jioni Rubona, mitumbwi ya sambaza ikiingia Ziwa Kivu na taa zake, sisi wengine tunatafuta pa kuchaji simu. Habari za nyumbani zinapitia humo humo.

Betri nyingi za lithiamu zinajaa kwenye volti 4.2. Ikizidishiwa inavimba, hata kuwaka. Sasa chipu inajuaje kwamba 4.2 imefika? Inalinganisha na volti nyingine ndogo iliyo ndani yake, ambayo haitakiwi kuyumba hata simu ikipata moto.

Zamani kazi hiyo ilifanywa na dayodi ya Zener, ila ilitaka kama volti 6 au 7, na betri ndogo haina hizo. Mwaka 1964 David Hilbiber wa Fairchild alionyesha njia nyingine, na mwaka 1971 Robert Widlar akaitengenezea chipu. Ujanja wenyewe mtamu kweli: volti moja ya transista inashuka kama milivolti 2 kwa kila digrii ya joto, nyingine inapanda. Ukizijumlisha kwa kipimo sawa, joto linajifuta lenyewe, unabaki na volti 1.2 hivi.

Ulaji wa umeme ukabaki tatizo. Hapo saa za mkono za Uswisi zilisaidia: mwaka 1977 Eric Vittoz na Jean Fellrath walieleza saketi ambazo transista zake zinafanya kazi zikiwa karibu kuzimika kabisa, kwa mkondo wa nanoampea tu.