Koni, Betri na Redio Zisizofika Mnadani

Kwenye minada ya redio za kale huko Ulaya na Marekani, bei hupandishwa na kisanduku. British Vintage Wireless Society, chama cha Waingereza kilichoanzishwa mwaka 1976, huwaandalia wanachama wake minada ya namna hiyo, na Wamarekani walikwisha kuwa na Antique Wireless Association tangu 1952. Anayetaka kutoa dau hutazama kwanza mbao, bakelaiti, rangi na jina la msanifu. Ekco AD65 ya mwaka 1934, iliyobuniwa na Wells Coates, husakwa na wakusanyaji kwa sababu ya umbo lake la duara, ambalo lilikuwa jambo geni kabisa wakati redio nyingi zilifanana na kabati. Uzuri huo ni wa kweli na unastahili kulipiwa. Lakini kwa eneo kama Katanga, kusini mwa Kongo, historia ya redio haisomeki usoni pake. Husomeka mgongoni, pale panapoingia umeme. Mnada, kwa jinsi unavyochagua, umetuhifadhia redio za upande mmoja wa jamii, na sababu yake kubwa inaonekana Koni.

Koni iko kwenye mto Lufira, mashariki ya Likasi, chini kidogo ya Mwadingusha. Mwadingusha ndiko mto ulikotangulia kufungwa, na mtambo wake ukaanza kufua umeme mwaka 1930. Wa Koni ulifuata mwaka 1950, ukiwa na mashine tatu na uwezo wa megawati 42. Wakoloni waliuita Bia, na ule wa Mwadingusha wakauita Francqui, huku maporomoko yenyewe yakiitwa Cornet. Watu hao watatu walikuja Katanga katika msafara mmoja wa mwaka 1891. Kapteni Bia alifia njiani, Francqui akashika uongozi, na Cornet, mwanajiolojia wao, akaandika habari za shaba. Kwa hiyo hata majina yaliyobandikwa mtoni yalikwisha kusema maji yale yalitakiwa kwa kazi gani. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, ilihitaji nguvu ya kuyeyushia na kusafishia madini, na nyaya za Koni zikavutwa kuelekea migodini na viwandani. Redio ya valvu iliyochomekwa ukutani hula wati hamsini hivi. Ukigawa megawati 42 kwa hesabu hiyo, mtambo wa Koni peke yake, ukifanya kazi kwa nguvu zake zote, ungetosha kuwasha redio 840,000 kwa wakati mmoja. Umeme basi ulikuwapo kwa wingi. Kilichoamua nani asikilize redio ya kuchomeka ni nyumba ipi ilifikishiwa waya, na katika Jadotville, kama Likasi ilivyoitwa wakati huo, nyumba ya Mzungu haikusubiri zamu moja na ya kibarua.

Mwaka mmoja kabla ya Koni kuanza kazi, ng'ambo ya mpaka, huko Rhodesia ya Kaskazini, lilipatikana jibu la wale wasiofikiwa na waya. Harry Franklin, aliyesimamia habari na utangazaji mjini Lusaka, alikuwa na kituo kilichotangaza kwa Kibemba na lugha nyingine za Waafrika, lakini wasikilizaji wake wengi hawakuwa na umeme wala fedha za redio ya Kizungu. Aliwashawishi watengenezaji wa betri za Ever Ready waunde redio ndogo ya valvu nne inayotumia betri kavu. Kwa mfano wa kwanza walichukua sufuria la aluminiamu lenye upana wa inchi tisa, wakapanga vyombo ndani yake, na redio ikabaki na jina la sufuria: Saucepan Special. Iliuzwa pauni tano, na betri yake ilidumu kwa saa 300 hivi. Nayo ni duara, kama ile Ekco! Duara la Ekco lilitoka kwenye meza ya msanifu mashuhuri, na duara la sufuria lilitoka kwenye hesabu ya senti. La kwanza limetajwa katika vitabu vingi vya usanifu. La pili lilipeleka sauti kwenye maelfu ya nyumba ambazo hazijawahi kuona plagi.

Kwa nini basi redio za namna hii ni adimu mnadani, na zile za kuchomeka zimejaa? Wengi hujibu upesi kwamba ya bei rahisi huharibika upesi. Jibu hilo halinitoshi. Aluminiamu haiozi wala hailiwi na mchwa, ilhali kisanduku cha mbao cha Philips au cha SBR ya Ubelgiji huliwa na kubanduka gundi kwa unyevu wa masika. Kilichoiua redio ya betri ni betri yenyewe. Valvu zake zilihitaji nguvu za aina mbili kwa pamoja: volti moja na nusu hivi ya kupasha nyuzi moto, na volti tisini za kuendesha sauti. Pakiti iliyobeba zote mbili ilitengenezwa kwa ajili ya redio hizo tu. Transista zilipoenea baada ya katikati ya miaka ya 1950, zikiridhika na vijiwe vichache vya kawaida vya volti moja na nusu, viwanda viliacha kutengeneza pakiti zile, na redio nzima isiyo na kasoro ikageuka chuma kisichosema. Ya kuchomeka haikupatwa na hayo, kwani umeme wa ukutani wa mwaka 1950 ndio huohuo wa leo. Dalali huichomeka mbele ya wanunuzi, taa ya kioo inawaka, spika inakoroma, na bei inapanda. Ya betri ikifika hapo hufika kimya, na kimya hakitolewi dau, ingawa fundi mwenye subira angeweza kuunga betri kumi ndogo za volti tisa na kupata zile tisini zilizokosekana.

Yupo atakayesema kwamba sufuria ni habari ya Lusaka na si ya Likasi. Ni kweli kwamba koloni zilikuwa mbili, lakini ukanda wa shaba ni mmoja, Kibemba kinasemwa pande zote mbili, na mawimbi mafupi hayajui forodha. Upande wa Kongo, Radio Congo Belge ilianza Léopoldville mwaka 1940, Ubelgiji yenyewe ikiwa mikononi mwa Wajerumani, na vipindi maalumu kwa Waafrika vikafuata mwaka 1949. Mitaani vilisikilizwa kwa vipaza sauti vya hadharani. Kipaza sauti cha mtaa hakina mwenyewe na hakirithiwi, na hakuna mjukuu atakayekishusha darini akipeleke mnadani. Hilo ni pengo la pili, na naliona kubwa kuliko la kwanza, maana linafuta kabisa usikilizaji wa watu wengi pamoja. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alimrekodi mpiga gita Jean-Bosco Mwenda hapo hapo Jadotville, na gita lile, kupitia sahani za santuri na vituo vya redio, likasikika hadi Nairobi na kusini mwa Afrika. Angalia sasa kioo cha redio ya Kizungu ya miaka ileile: Hilversum, Beromünster, Bruxelles, Paris. Kwa masafa yaliyoandikwa pale, hakuna hata mji mmoja uliosikika Likasi. Kioo kinatuambia mwenye redio alitoka wapi, hakituambii mji ulisikiliza nini.

Wengine watasema nawaonea wakusanyaji, kwani bila fedha zao redio hizi zingekwisha jalalani. Nakubali, tena bila kinyongo. Mashaka yangu ni juu ya kinachofanywa baada ya nyundo kugonga. Redio husafishwa, hupakwa vanishi upya, hupewa waya mpya na kapasita mpya, nazo zile za zamani hutupwa. Kumbe ushahidi ulikuwa humo. Nyuma ya redio ya valvu kuna ubao mwembamba wenye matundu ya kupitishia joto, na karibu yake kitufe cha kuchagulia volti, ambacho huzungushwa kwa sarafu: 110, 127, 220. Kitufe kilichoachwa kwenye 220, redio ikiwa na mawimbi mafupi ya ziada yaliyowekwa kwa ajili ya wateja wa nchi za joto, ni dalili ya maisha yake kabla ya kurudi Ulaya. Risasi nzito iliyoyeyushwa juu ya kiungo cha asili ni mkono wa fundi aliyekosa spea akaitafutia njia. Jina la duka lililobandikwa chini ya kisanduku linaweza kutaja mtaa. Ukarabati unaorudisha redio kama ilivyotoka kiwandani unafuta miaka yote iliyokaa Afrika, yaani miaka ileile inayoifanya iwe redio ya Katanga na si ya Eindhoven, mji wa Philips.

Tarehe 11 Julai 1960, Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, alipotangaza redioni kwamba Katanga inajitenga, habari iliingia kwa wakati mmoja katika nyumba zenye waya na katika nyumba za betri. Historia inayoandikwa kwa redio za kuchomeka peke yake itawahesabu wasikilizaji wa siku ile kwa kipimo cha nyumba za mabwana, na itakosea. Umeme wa Lufira nao bado unafuata njia yake ya zamani: Mwadingusha ilikarabatiwa, ikarudi kwenye gridi mwaka 2021 ikiwa na megawati 78, ili mgodi wa Kamoa-Kakula upate nguvu. Kwa hiyo mnunuzi anayeinua mkono kwa ajili ya redio iliyotoka Kongo aanze kwa kumwomba dalali aigeuze. Atazame kitufe cha volti kimesimama wapi, asome karatasi iliyobandikwa chini, aandike alichokiona kabla bisibisi haijagusa kitu, na zile risasi za fundi aziache mahali pake. Na ile ya betri iliyowekwa mwisho wa orodha, bila bei ya kuanzia, ndiyo ningemshauri ainunue kwanza.