Siku ya kuabiri meli ya kitalii: Panga saa zako usije ukaachwa gatini

MSAFIRI anayeabiri meli ya kitalii kwa mara ya kwanza aghalabu huikazia macho saa moja tu kwenye tiketi yake, yaani ile ya meli kung'oa nanga. Saa hiyo ni ya nahodha. Inayomhusu abiria huitangulia kwa dakika 60 hadi 90 katika bandari nyingi, na ikishapita, lango hufungwa hata kama meli ingali imefungwa kamba gatini na waliotangulia wanaonekana wakipunga upepo sitahani.

Makala haya yanaeleza jinsi siku hiyo inavyoendeshwa na namna msafiri anavyoweza kuzigawa saa zake. Tutatumia mfano wa Miami, jimbo la Florida nchini Marekani, mojawapo ya bandari zenye shughuli nyingi zaidi za meli za kitalii duniani. Ni kweli kwamba meli za aina hii hutia nanga Mombasa pia. Hata hivyo, nyingi hupitia tu zikiwa na abiria waliopandia kwingineko, hivyo Mkenya anayetaka safari kamili kwa kawaida hulazimika kwanza kuifuata meli kwa ndege.

Kwa nini lango hufungwa mapema

Sheria za Marekani zinaitaka kampuni ya meli kuwasilisha kwa maafisa wa forodha na mipaka orodha ya watu wote waliomo melini, angalau dakika 60 kabla ya kuondoka. Kampuni nyingi hujiongezea nusu saa nyingine ili kuepuka makosa. Orodha ikishatumwa, kuwasihi wahudumu wa langoni hakufui dafu, kwa kuwa uamuzi hauko mikononi mwao.

Aidha, aliyeachwa asidhani kwamba ataidaka meli katika bandari yoyote ile inayofuata. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 huzizuia meli zilizosajiliwa ng'ambo kuwasafirisha abiria kutoka bandari moja ya nchi hiyo hadi nyingine, na meli nyingi za kitalii zimesajiliwa Bahamas, Panama na kwingineko. Kwa sababu hiyo, aliyechelewa Miami anaweza kukatazwa kuabiri Key West, japo miji yote miwili iko Florida, ikiwa safari hiyo ya visiwa vya karibu itakamilikia Miami. Iwapo ataruhusiwa kuifuata meli katika nchi nyingine, itambidi ajigharimie ndege na malazi, tena awe na hati zinazohitajika huko.

Fika siku moja kabla

Kinga bora ni kulala katika mji wa bandari usiku wa kuamkia safari. Safari za ndege za moja kwa moja za Kenya Airways kati ya Nairobi na New York zilianza Oktoba 2018, lakini kutoka New York abiria bado anahitaji ndege nyingine ya kumfikisha Miami. Ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili hukosekana, na meli haisubiri. Gharama ya hoteli ya usiku mmoja ni ndogo ikilinganishwa na ya likizo nzima kupotea.

Mwili nao unahitaji muda. Miami iko nyuma ya Nairobi kwa saa saba wakati wa kiangazi cha huko, na nane wakati wa baridi. Adhuhuri ya Miami, wakati abiria wanapopanga foleni, Nairobi huwa ni saa moja au saa mbili usiku.

Msomaji wa Kiswahili ana tahadhari mbili za ziada. Kwanza, tiketi ikiandikwa 16:00, hiyo ni saa kumi alasiri. Ukimpigia simu jamaa atakayekupeleka bandarini, hakikisheni mnahesabu saa kwa mtindo mmoja. Pili, Wamarekani hutanguliza mwezi wanapoandika tarehe. Kwao 03/04 ni Machi 4 wala si Aprili 3.

Hati na mkoba wa mkononi

Hati ndizo huwarudisha watu nyumbani hata walipofika mapema. Kagua kwamba pasipoti yako itaendelea kutumika kwa miezi sita au zaidi baada ya safari. Kagua pia kwamba viza inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja, kwa maana meli ikitoka Miami kwenda Bahamas na kurejea, wewe unaingia Marekani mara ya pili. Hali ni iyo hiyo kwa anayepandia Barcelona, akashuka Tunis, kisha akarudi Uhispania akitumia viza ya Schengen. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano pia kiwe karibu, kwani nchi kadhaa hukidai kwa wanaotoka Kenya.

Kampuni nyingi humtaka abiria ajisajili katika tovuti majuma kadhaa kabla ya safari, apige picha, achague saa ya kufika bandarini na achapishe vibandiko vya mizigo. Anayewahi kujisajili ndiye huchagua saa nzuri.

Ukifika gatini, mahamali hupokea masanduku makubwa, na unaweza kukaa hadi jioni kabla ya kuyaona tena. Kwa hivyo pasipoti, viza, dawa, miwani, simu na chaja yake, mahitaji ya mtoto na nguo za kubadilisha viwe katika mkoba unaoubeba mwenyewe. Mwenye kisukari au shinikizo la damu asithubutu kuiacha dawa yake katika sanduku kubwa. Kadhalika, usifungashe pasi, birika la umeme au mishumaa. Vitu hivyo hupigwa marufuku kwa kuhofia moto, na sanduku lenye kimojawapo huzuiliwa na walinzi huku mwenyewe akilingojea chumbani bila kujua.

Saa tano hadi saa tisa

Meli utakayoipanda hufika alfajiri ya siku hiyo hiyo ikiwa na abiria wa safari iliyomalizika. Katika muda wa takriban saa kumi, maelfu ya watu hushuka, vyumba husafishwa, vyakula na mafuta hupakiwa, na maelfu wengine hupanda. Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Miami Januari 2024, inaweza kubeba abiria wapatao 7,600, mbali na wafanyakazi.

Kwa kawaida upandaji huanza mwendo wa saa tano asubuhi, nayo milango ya vyumba hufunguliwa kati ya saa saba na saa nane mchana. Anayefika kwanza hufaidi chakula cha mchana na utulivu, lakini hutembea na mkoba wake hadi chumba kiwe tayari. Anayefika saa nane huenda moja kwa moja chumbani. Mwenye watoto wadogo au mzazi mkongwe afikirie hilo anapochagua saa yake.

Langoni mizigo hukaguliwa kwa mashine, hati husomwa, na abiria hupewa kadi au kifaa kinachofungua chumba na kutumika kulipia huduma badala ya pesa taslimu.

Zoezi la usalama kwanza

Shughuli ya kwanza melini iwe zoezi la usalama. Januari 13, 2012, meli ya Costa Concordia iliondoka Civitavecchia, Italia, ikiwa na zaidi ya watu 4,200. Usiku huo huo iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, na watu 32 wakafariki. Mamia ya abiria waliopandia Civitavecchia siku hiyo walikuwa bado hawajafanya zoezi, kwa kuwa kanuni za wakati huo ziliruhusu lifanywe ndani ya saa 24. Lao lilikuwa limepangiwa siku iliyofuata.

Mkataba wa kimataifa wa usalama wa watu baharini, ambao chanzo chake ni kuzama kwa Titanic mwaka 1912, ulirekebishwa. Tangu Januari 1, 2015, zoezi hilo lazima lifanywe kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Katika meli nyingi za sasa, abiria hutazama maelezo kwenye simu au runinga ya chumbani, kisha huenda mwenyewe hadi kituo chake cha kukutania, na kadi yake husajiliwa hapo. Anayekataa anaweza kuteremshwa.

Kariri mambo matatu: nambari ya kituo chako, njia mbili za kukifikia kutoka chumbani kwa ngazi wala si kwa lifti, na ishara ya hatari, ambayo ni milio saba mifupi ikifuatwa na mmoja mrefu. Ikiwa mmesafiri na watoto, watembezeni katika njia hizo.

Alasiri hadi jioni

Zoezi likiisha, saa zilizosalia ni zako. Mgahawa wa kujipakulia hufurika kati ya saa sita na saa nane. Mara nyingi huwa pana ukumbi mwingine uliotulia, hivyo uliza. Weka nafasi za maonyesho na meza za chakula cha jioni mapema kabla hazijajaa. Usihangaike kutafuta maduka ya melini, kwani kwa kawaida hayafunguliwi meli ikiwa bandarini kwa sababu za forodha.

Anayeshikwa na kichefuchefu baharini ameze dawa kabla ya meli kuondoka, kwa ushauri wa daktari. Kabla ya kuliacha gati, wapigie walio nyumbani, kisha uzime mtandao wa simu, maana mawasiliano ya setilaiti baharini hutozwa ghali mno. Ikifika saa mbili usiku na sanduku halijaletwa, nenda mapokezi ukaulize.

Iwapo licha ya yote umekwama njiani, usingoje ufike ndipo ujieleze. Piga mara moja nambari ya dharura iliyo kwenye hati za safari. Iandike pia katika karatasi, kwani simu huweza kuzima. Kampuni ikijua mapema uliko, huenda ikakuelekeza bandari unayoruhusiwa kuifuata meli. Ikijua baada ya lango kufungwa, itakalokuambia ni kwamba meli imeondoka.